Jogoo Ambaye Sikumdai

Nina jogoo mweupe kwenye kibaraza cha flati yangu hapa Yeoville. Anawika saa anayotaka yeye, anachafua sakafu, na yule mama wa Kikongo mwenye saluni ya nywele hapo chini ameshaniuliza mara tatu, tena kwa upole, kama ninamfuga au ninamnenepesha. Binti yangu akija Jumapili humtazama, kisha huniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakizungumzi, "Ma, huyu tunamla lini?" Namwambia anyamaze. Simchinji. Jogoo huyu alinunuliwa kwa ajili yangu na nikakabidhiwa mkononi, lakini si halali yangu, na kila akiwika natamani ardhi ipasuke nizame.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Hilo lishikeni, maana bila hilo haya yote hayaeleweki. Nililetwa Johannesburg na marehemu mume wangu, mwana wa nchi hii aliyekuwa mkimbizi wa siasa kule Morogoro. Kwao kulipofunguka akarudi, nami nikamfuata na mwanangu mgongoni. Alipofariki nikasomea kazi ya kulea wazee, kwa sababu wazee nawaweza. Mdomo wangu mrefu, nao wazee wengi wanachokikosa ni mtu wa kubishana naye.

Mzee huyu ninayemsimulia nililetewa habari zake na binti yake, mhadhiri wa chuo kikuu pale Braamfontein, aliyeolewa huku. Mama yake alikuwa amekufa Uingereza, na baba hakuweza tena kukaa peke yake, basi akamleta nyumbani kwake Parktown. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni akanionya. Baba yake alikuwa mwanasiasa. Alikuwa mbunge miaka mingi, akawa naibu waziri, na mwisho akapewa cheo cha Lodi, akaingizwa katika lile bunge la juu la mabwana wakubwa wa Uingereza. "Lakini usimwite Lodi," akasema. "Hapendi." Nikasema moyoni, makubwa! Watu wanakitafuta cheo kwa tochi, huyu anakikimbia.

Nikamkuta kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, ndevu za siku nne. Nikaweka beseni chini nikajisemea kwa lugha yangu, nikijua hakuna wa kunielewa, "Haya babu, tuone kama utanisumbua."

"Sikusumbui," akajibu. "Wewe ni mtu wa wapi?"

Mtume! Almanusura nilimwage lile beseni. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kizito kidogo, lakini kilikuwa kimenyooka. Nikashika adabu haraka nikamwambia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza kabila langu. Nilipomwambia Mzaramo, yule mzee akapiga kofi paja lake.

"Mzaramo! Basi leo nimempata mtani wangu. Mimi Mnyamwezi. Niambie, mmeshauza mashamba yote mkachezea ngoma, au limebaki moja?"

Kwa asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi ya misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakishusha mizigo pwani wakipita kwetu. Mtani wako anakutukana na hukasiriki. Anaingia kwako anafunua chungu na humzuii. Na mtani haombi radhi, wala haombwi. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Mtu akifa, watani wake huja wakavaa nguo zake, wakaiga mwendo wake, wakasema kwa sauti yale ambayo ndugu hawawezi kuyasema. Mmoja atajilaza njiani mbele ya jeneza na kukataa katakata asiinuke mpaka wafiwa wamtoe kwa kuku. Wafiwa nao watakataa kwanza, watabishana naye, na humo ndani ya ubishi mtu aliyekuwa hajala siku tatu anajikuta anacheka.

Sasa Mzungu anakuwaje Mnyamwezi? Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipokwenda kufundisha shule moja karibu na Tabora. Homa ikamlaza. Mama wa mwalimu mwenzake akamuuguza siku kumi na mbili, na alipopata nafuu yule mama akamwambia, mtoto niliyemuuguza kwa mkono wangu ni wangu. Ndiyo hivyo tu. Baadaye mume wa mama huyo akafariki, na msibani akatokea Mzaramo mmoja amevaa kanzu ya marehemu, anachechemea kama marehemu alivyokuwa akichechemea. "Nilitaka kumpiga," Mzee aliniambia. "Nilishainuka. Ndipo nikamwona mama yangu anacheka. Machozi yanamtoka, anacheka. Nikakaa chini."

Basi tukaanza. Kila asubuhi naingia, namwamkia kwa heshima zote, akishaitikia tu navua heshima naitundika mlangoni pamoja na koti. "Mpagazi, umeamkaje? Mzigo wa mfalme wenu umeutua wapi?" Naye, "Nimeutua kwa Mzaramo, lakini alikuwa amelala." Nikimpa uji anauonja na kuuliza kama ni uji au ni maji niliyooshea vyombo. Binti yake alikuwa anasimama mlangoni kutusikiliza, haelewi neno hata moja, anatabasamu tu. Aliniambia baba yake hajacheka hivyo tangu mama yake alipokufa.

Mara moja nilikosea. Nilikuwa namnyoa, wembe ukamkata kidevuni, damu ikatoka. Nikashtuka nikasema, "Samahani, Mzee, nisamehe." Akanisukuma mkono. Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Samahani ya nini? Leo mimi nimekuwa bosi wako? Mtani haombi radhi!" Akanuna mpaka saa sita, mpaka nilipomwambia damu yenyewe chache mno, labda walimkausha huko bungeni. Hapo ndipo alipokubali kula.

Picha yake ya Ulodi ilikuwa chooni. Kweli kabisa, choo cha wageni, ukutani, juu ya karatasi za kujifutia. Amesimama kavaa joho jekundu lenye manyoya meupe shingoni, uso mkavu. Nilidhani wamemdhalilisha mzee wa watu. Nikaenda kumshitakia. Akacheka mpaka akakohoa. "Niliitundika mimi mwenyewe. Huko London pia ilikaa chooni." Nikamwambia, "Afadhali, mpagazi. Angalau picha yako inajua mahali pake." Lakini nilimwona macho yanakimbia, na nikajua pana kidonda.

Alinisimulia kidogo kidogo, siku za mvua hasa, wakati umeme umekatika na redio imenyamaza. Baba yake alikuwa mchinjaji nyama katika mji mdogo wa viwanda vya sufi. Aliporudi kutoka Tabora akaingia siasa, akagombea ubunge wa mji huohuo. Katika kila mkutano alikuwa akisema jambo moja ambalo watu walilipenda: kwamba bunge la juu ni aibu, mtu asitunge sheria bila kupigiwa kura, lifungwe, na jumba lake ligeuzwe ghala la viazi. Aliapa jukwaani kwamba hata wakimletea cheo hicho kwenye sinia, hatakishika. Kulikuwa na mzee mmoja, mfanyakazi wa kiwanda, aliyembebea mabango yake uchaguzi baada ya uchaguzi bila kuomba kitu. Huyo ndiye aliyekuwa akishangilia zaidi aliposikia ile ya viazi.

Akakaa bungeni miaka, kisha akashindwa. "Simu iliacha kulia," aliniambia. "Hujui, Mzaramo, simu ikiacha kulia. Nilikuwa nainyanyua kuona kama ni nzima." Halafu barua ikaja ikimpa Ulodi. Alitembea nayo siku tatu mfukoni mwa koti, akijiambia kwamba anatafuta maneno mazuri ya kukataa. Mkewe akamwambia, kama unakataa, mbona hujaichana? Siku ya nne akakubali.

"Na yule mzee wa mabango?" nikauliza.

Akalivuta blanketi magotini. Kisha akasema walikutana kituo cha basi, wiki ileile. Yeye akamsalimu. Yule mzee akamtazama, akageuka, akampa mgongo mpaka basi likaja. Hakumtukana wala hakumlaumu. Alikufa miaka miwili baadaye, na Lodi hakuthubutu kwenda kuzika.

"Watanizika kwa sifa," akasema. "Watakuja watu kutoka kwetu, watasema nilitumikia wananchi. Hakuna hata mmoja atakayetaja viazi. Mzaramo, nikifa, njoo unifanyie utani."

Nikacheka. Nikamwambia, nikilala mbele ya jeneza mimi, sitoki kwa kifaranga. Nadai jogoo mzima, tena mweupe, kama manyoya ya joho lako. Akasema sawa, jogoo mweupe. Akaniambia nivae koti lake la kahawia la kulalia, nibandike pamba shingoni, nitembee kama yeye, bega moja juu, halafu nilale chini niseme: huyu mpagazi aliapa hatabeba, akabeba. Nikasema nitasema. Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi sana siku zile.

"Hatucheki sasa," akasema. "Niapie."

Nikasema, "Haki ya Mungu, nitakuzika kwa utani."

Alifariki mwezi wa saba, saa nne asubuhi, binti yake na mimi tukiwa pembeni. Siku chache kabla mzee alikuwa amekaa na binti yake peke yao mchana kutwa, mlango umefungwa, na mimi nikasikia wanacheka. Sikuuliza.

Misa ilipangwa katika kanisa dogo karibu na nyumbani. Binti yake aliniita jikoni akaniambia jina langu limo kwenye ratiba, la mwisho kabla ya jeneza kutoka. "Baba alitaka wewe ufunge," akasema. "Fanya mlichokubaliana." Aliniangalia kama mtoto anayejua siri. Akanikabidhi lile koti la kahawia, limefuliwa na kukunjwa.

Nikalitia kwenye begi pamoja na pamba. Wallahi nililitia. Nilikuwa nimeamua.

Binti yangu ndiye aliyeliona begi, nilipomweleza kwa nini. Akashika kichwa. "Eish, Ma, hapana! Mbele ya watu wa ubalozi? Mwanamke mweusi anajigaragaza chini mbele ya Wazungu, hapa, kwenye nchi hii? Watakurekodi. Utakuwa kichekesho cha dunia." Akakaa chini akaniandikia hotuba kwa Kiingereza, nusu ukurasa, nzuri kabisa. Sitamlaumu. Alinionea huruma tu, na maneno yake yalikuta nafasi imeshaachwa wazi ndani yangu.

Kwa sababu nilipoingia kanisani nikaona viatu. Viatu vyeusi vinavyong'aa, safu kwa safu. Wanaume waliopanda ndege kutoka London kuja kumzika. Nyuma, ukutani, walisimama akina mama wanne wa kupika chakula, Wazulu, na aproni zao nyeupe, na mmoja alinitikisia kichwa kama dada. Nikawaza, hawa wakiniona niko sakafuni na pamba shingoni, watasema nini? Nitawaeleza utani kwa lugha gani?

Wakasimama wakasema. Mmoja akasema Lodi alikuwa mtumishi wa wananchi. Mwingine akasema cheo kile alikipokea kwa unyenyekevu mkubwa. Unyenyekevu! Nilikaa kwenye benchi nikasikia ulimi wangu unawasha. Nikashika begi. Nilihisi lile koti ndani, laini. Nikajiambia, wakiniita tu, navaa.

Wakaniita.

Jeneza lilikuwa pale mbele, na kati yangu na jeneza palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kulala. Naamini binti yake ndiye aliyewaambia waache nafasi ile. Alikuwa amekaa benchi la kwanza, ukingoni, mgongo umenyooka, na usoni ana tabasamu ambalo halikustahili msiba. Miguuni pake palikuwa na boksi la katoni lenye matundu. Nililiona, na sikulifikiria.

Begi nililiacha kwenye benchi. Nilikwenda na karatasi.

Nikasoma. Nilisema nilikuwa mfanyakazi tu katika nyumba yake. Nilisema nilibahatika kumhudumia mtu mkubwa, rafiki wa Afrika, na kwamba wakubwa kama yeye ni wachache. Pale niliposema mfanyakazi tu, kitu kikawika ndani ya boksi, kikawika kwa nguvu, na watu wakaguna kwa kicheko kidogo cha kujizuia. Mimi nikadhani wananicheka mimi, lafudhi yangu. Nikaharakisha. Nilipoinua macho kumaliza, nilimwona binti yake bado anatabasamu, bado ananisubiri. Nikakunja karatasi. Nikarudi kukaa. Ndipo nikaliona lile tabasamu linaondoka usoni mwake, taratibu, na akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu.

Wakalibeba jeneza wakapita. Walipita juu ya pale pale nilipotakiwa kulala. Bwana mmoja mwenye mvi aligusa bega langu akasema hotuba yangu ilikuwa na heshima sana.

Nimejitetea vya kutosha. Nimejiambia yule hakuwa Mnyamwezi wa kweli, kwamba utani wa kanisani Parktown si utani, kwamba ningewafurahisha Wazungu bure. Uongo mtupu. Nilimwonea aibu marehemu, nikaionea aibu mila ya mama yangu, na vyote viwili nilivifanya mbele ya watu ambao hata sijui wanaitwa nani. Yeye alikubali kudharauliwa na mimi kila siku kwa hiari yake. Mimi sikukubali kudharauliwa na wageni dakika tano kwa ajili yake. Alitembea na barua yake mfukoni siku tatu akidhani anakataa, nami nilikwenda na begi langu nikidhani nitavaa.

Baada ya chakula nilijificha jikoni kwao, nikajifunga aproni, nikawa naosha glasi ambazo si kazi yangu kuosha. Binti yake akaingia. Amebeba lile boksi. Akaliweka mezani akalifungua, na jogoo mweupe akatoa kichwa, mguuni amefungwa utepe mwekundu.

"Tulimtafuta wiki nzima," akasema. "Baba alisema lazima awe mweupe. Alisema utalala chini, utadai, na mimi nisimtoe. Nikatae mara mbili, mara ya tatu nimtoe. Siku ile tuliyojifungia ndani alikuwa ananifundisha."

Sikuweza kumwangalia. Maji yalikuwa yanamwagika bombani na sikuyafunga.

"Nilifanya mazoezi kwenye gari," akasema. "Kila nikisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nilikuwa narudia."

Kisha akanyoosha mgongo, akaweka mikono kiunoni jinsi baba yake alivyomwonyesha, na kwa Kiswahili chake cha kwanza na cha pekee, kila silabi imekaa upande, huku machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, akaniambia, "Sitoi kuku! Wee Mzaramo, sitoi!"

Akasubiri. Jogoo naye akasubiri. Hata pale bado ilikuwa inawezekana. Jikoni palikuwa na sakafu. Nilikuwa na koti begini. Neno moja tu lingetosha, tusi lolote, mpagazi mkubwa we, na yule mtoto wa watu angecheka, na baba yake angekuwa amezikwa.

Nikafunga bomba. Nikajifuta mikono kwenye aproni.

Nikamwomba radhi.